MRI imesoma safi, mgonjwa bado anasikia sauti. Sasa picha ya ubongo inaona nini kwenye skizofrenia?

Mzee wa Sumaku (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, niko Dar, huu mwaka wa kumi na moja. Si daktari wa akili, lieleweke mapema kabla hamjaanza kuniita dokta. Mimi ni yule anayekwambia vua mkanda, toa sarafu, lala chali, usitingishike.

Majuzi alikuja mama na kijana wake (nimebadilisha vitu viwili vitatu asijulikane). Kijana ana miaka 22, kaacha chuo, anasikia watu wanamjadili akiwa peke yake chumbani, na chakula kilichopikwa na dada yake hali. Mama kakopa kwenye kikoba ili alipie kipimo. Kijana shingoni ana hirizi ya ngozi, nami siwezi kumwingiza mtu kwenye sumaku na kitu ambacho sijui kimeshonewa nini ndani. Nimewahi kukuta sindano. Tukabembelezana dakika ishirini. Mwisho akakubali mama aishike, ila asimame mahali anapomwona kupitia kioo. Mashine ikaanza kugonga, ule mlio kama fundi bati yuko juu ya kichwa chako. Dakika ya nne akaminya kengele. Namuuliza kulikoni, ananiambia mashine inamtaja jina.

Tulimaliza. Majibu: hakuna uvimbe, hakuna damu, hakuna kovu. Ubongo wa kawaida. Mama aliposomewa hakufurahi hata kidogo. Alisema, "Kama kichwa ni kizima, basi ni yale yale waliyosema nyumbani." Na yale yale mnayajua.

Sentensi hiyo naisikia kila mara. Kipimo kimesoma safi, kwa hiyo si ugonjwa wa hospitali, kwa hiyo tutafute fundi. Ndiyo imenileta jukwaani.

Ukiwachukua kwa mamia wenye skizofrenia, huu ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushikilia imani zisizo za kweli, ubongo wao unatofautiana na wa wasioumwa, na picha inaonyesha. Ukimchukua mmoja, picha yake mara nyingi haina la kusema. Hayo mawili yote ni kweli kwa wakati mmoja. Nitaeleza kwa nini, ila naandika kwa simu, mnivumilie.

kokoto la mtoni

Naweka mkeka. Nina braza wangu, hii inanihusu.

Pweza wa Nungwi

Mleta mada usituachie njiani kama wale wa "itaendelea".

Mzee wa Sumaku

Hahaa, siendi popote.

Emil Kraepelin, Mjerumani aliyeutenga ugonjwa huu na mingine mwishoni mwa karne ya 19, aliamini kabisa kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Pale Munich alikuwa na Alois Alzheimer, ndiyo, mwenyewe yule wa ugonjwa wa wazee kusahau. Kwa mgonjwa wa kusahau Alzheimer aliweka ubongo chini ya darubini akakuta mabaki yanayoonekana. Kwa hawa wengine hawakupata kitu cha kushika. Ikafika 1972, daktari wa Marekani Fred Plum akaandika kwamba skizofrenia ni makaburi ya wataalamu wa patholojia ya ubongo.

Kupiga picha mtu akiwa hai kuliwezekana, ila yalikuwa mateso. Unachomwa sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yanatolewa, hewa inapulizwa. Hewa inapanda mpaka kwenye mapango ya ubongo, eksirei inayaona. Unaumwa kichwa na kutapika hadi ujute. Jacobi na Winkler walifanya hivyo Ujerumani, wakatoa taarifa 1927: mapango ya wagonjwa yamepanuka. Lakini nani angemchoma mtu asiyeumwa sindano ile ili tu apatikane wa kulinganisha?

Nikisema mapango namaanisha ventrikali. Ziko nne, zimejaa maji, na maji yanaonekana kirahisi kwenye picha, ndiyo maana yalitangulia kusemwa. Pango likipanuka mara nyingi ni kwa sababu kuta zake zimepungua.

Mwaka 1971 pale Wimbledon, London, mashine ya CT, yaani eksirei inayoonyesha ubongo kipande kwa kipande, ya Godfrey Hounsfield ilipiga kichwa cha mgonjwa wa kwanza. Hounsfield alikuwa mwajiriwa wa EMI, kampuni ya santuri na vyombo vya umeme, raha kweli. Miaka mitano baadaye Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao wa hospitali ya Northwick Park wakawapima wagonjwa 17 wa muda mrefu na watu 8 wasioumwa. Kumi na saba kwa wanane! Leo mwanafunzi akikuletea idadi hiyo unamrudisha akaongeze. Lakini jambo lilikuwepo: mapango ya pembeni ya wagonjwa yalikuwa makubwa zaidi. Jarida la kitabibu la Lancet wakachapa 1976, na mabishano yakaanza hapo hapo. Ni dawa. Hapana, ni kukaa wodini miaka nenda rudi. Hapana, mmechagua walio hoi.

Utafiti ninaoupenda mimi ni wa mapacha. 1990, Marekani, Suddath, Torrey, Weinberger na wenzao walipata jozi 15 za mapacha wa kufanana, wale wa yai moja, mmoja anaumwa mwenzake haumwi. Picha zikaangaliwa bila kusema yupi ni yupi. Kwenye jozi 12 mgonjwa alitambuliwa kwa macho tu, kwa kuangalia nafasi za maji. Walipopima, hipokampasi ya kushoto, sehemu ya ndani inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo kwa mgonjwa kuliko kwa pacha wake kwenye jozi 14.

Shikilieni hapo. Alitambulika kwa kuwa wa kulinganisha naye alikuwa ubavuni. Kijana wangu wa hirizi hana pacha.

Bint Kilosa

Shikamoo kaka. Mdogo wangu alipimwa mwaka jana, cheti kimeandikwa hakuna kasoro, halafu daktari akampa dawa za akili. Baba anasema daktari anabahatisha, maana mashine ya mamilioni haikuona kitu. Tangu hapo dawa tunampa kwa siri kwenye uji. Baba nimjibu nini?

Mzee wa Sumaku

Marahaba dada, pole na uuguzaji.

Mwambie mzee hivi. Daktari anapoandika MRI kwa mtu mwenye dalili hizo, hatafuti skizofrenia. Anatafuta kitu kingine kinachojifanya skizofrenia: uvimbe, kiharusi cha zamani, jipu, au viluwiluwi vya tegu wa nguruwe waliojificha ndani ya ubongo. Hao si hadithi, kule Mbulu watafiti waliwakuta kwa CT kwenye vichwa vya wagonjwa wa kifafa hospitali ya Haydom. Ripoti safi maana yake havipo. Ni habari njema, sema inasomwa kichwa chini miguu juu.

Skizofrenia yenyewe inapatikana kwa daktari kukaa na mgonjwa na nyinyi mnaoishi naye. Sauti, imani ambazo hazitikiswi na ushahidi, maneno kuvurugika, kujitenga, kuacha kuoga. Na muda pia. Mwongozo wa Marekani unataka dalili zimekaa miezi 6, ule wa Shirika la Afya Duniani mwezi 1.

Halafu muulize baba kama amewahi kuumwa kipanda uso. Kipimo gani kilikiona? Na panadoli si alimeza?

Na lile la kuficha dawa kwenye uji, mwambieni daktari wenu mtafute njia nyingine. Mtu ambaye tayari anahisi anawekewa vitu kwenye chakula, siku akiugundua huo uji hamtakuwa na la kumwambia.

Daktari Asiye na Koti

Mleta mada umenikosha. Niko kwenye mafunzo ya ubingwa wa akili, nichomeke namba, kwa sababu hapo kwenye "kwa mamia" ndipo utamu ulipo.

Kuna muungano wa watafiti unaitwa ENIGMA. Waligundua tatizo la hizi tafiti ni udogo, kila hospitali ina watu arobaini na kila mmoja anatangaza lake. Wakakubaliana kila kituo kipime kwa njia moja, majibu yajumlishwe. 2016 wakatoa ya sehemu za ndani ya ubongo: wagonjwa 2,028, wasioumwa 2,540, vituo 15. Hipokampasi ndiyo ilipungua zaidi, zikafuata amigdala na thalamasi, na mapango ya pembeni yakawa makubwa, kama Johnstone alivyoona. 2018 wakaja na gamba la nje, wagonjwa 4,474 na wasioumwa 5,098. Gamba jembamba karibu kila mahali, hasa mbele na pembeni juu ya masikio.

Kwa hiyo anayekwambia ugonjwa huu hauna mwili, mpeleke huko.

Sasa pindua shilingi. Tofauti ya hipokampasi, kubwa kuliko zote za ndani, kitakwimu ni 0.46. Kwa Kiswahili cha sokoni: chukua mgonjwa mmoja na mtu mmoja asiyeumwa bila kuchagua, halafu bashiri kwamba mwenye hipokampasi ndogo ndiye mgonjwa. Utapatia mara 63 hivi kati ya 100. Ukirusha shilingi unapatia 50. Nani atampa mtu jina la ugonjwa wa maisha kwa ubashiri wa namna hiyo?

Na kuna ya Wolfers na wenzake, 2018 pia. Wao hawakuuliza wastani, waliuliza kila mgonjwa amepotoka wapi ukimlinganisha na watu wa umri na jinsia yake. Wagonjwa 218 wa skizofrenia. Sehemu zilizopotoka sana zilikuwa tofauti kwa kila mtu, mahali ambapo wengi walikutana hawakuzidi takriban asilimia 2. Ule "ubongo wa skizofrenia" unaochorwa kwenye vitabu ni wastani, hakuna mtu anayetembea nao barabarani.

Wakili wa Mchana

Hii inanikumbusha kesi ya John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan Machi 30, 1981. Utetezi walileta picha za CT za ubongo wake, wakisema mifereji imepanuka kama inavyoonekana kwa baadhi ya wenye skizofrenia. Jaji kwanza alikataa, baadaye akaruhusu baraza la wazee lizione. Mashtaka wakaleta mtaalamu wao, picha zile zile, akasema ubongo wa kawaida huu. Juni 1982 akaonekana hana hatia kwa sababu ya wazimu.

Swali: kama nina mteja, picha itanisaidia?

Daktari Asiye na Koti

Mkuu, jibu unalo mwenyewe: picha moja, wataalamu wawili, majibu mawili. Leta historia ya mteja wako na watu waliomwona akiumwa kabla ya tukio. Hiyo ina uzito.

kokoto la mtoni

Madokta naomba mnijibu kiutu uzima. Braza wangu anachoma ile sindano ya kila mwezi, mwaka wa tisa. Nimesoma mtandaoni kwamba dawa hizi zinakausha ubongo, na kwamba ule upungufu mnaousema ni wa dawa, si wa ugonjwa. Mimi ndiye ninayempeleka. Nisije nikawa namuua kidogo kidogo.

Daktari Asiye na Koti

Swali halali, na anayekujibu kwa kukubeza anakudanganya. Sehemu ni kweli.

2005, Marekani, kundi la Dorph-Petersen liliwapa nyani aina ya makaki, ambao hawakuwa na ugonjwa wowote, dawa za akili, haloperidol au olanzapine, kwa miezi 17 hadi 27, kiwango cha damuni kama cha binadamu. Ubongo wa wale waliopewa dawa ulipungua uzito kwa asilimia 8 hadi 11 ukilinganisha na wa wasiopewa. Kisha 2011 kikundi cha Iowa, Ho na Andreasen, wakatoa matokeo ya wagonjwa 211 waliofuatiliwa wastani wa miaka 7.2. Waliotumia dawa nyingi zaidi walipungua zaidi tabaka la kijivu, yaani ile sehemu ya ubongo yenye seli nyingi. Andreasen mwenyewe ameshika bango la ugonjwa wa ubongo maisha yake yote, hivyo ujue hakuitoa kwa furaha.

Lakini dawa hazimalizi hesabu. Johnstone na wenzake walipopima, na wengi baada yao, waliulizwa swali lako lile lile, ndiyo maana watu wakaanza kuwapiga picha walioingia hospitali mara ya kwanza kabisa, wengine hawajameza kidonge. Tofauti zinaonekana hata kwao, ndogo zaidi, ila zipo. Dawa inaongeza kitu juu ya kitu kilichokuwepo. Kiasi gani cha kila kimoja, bado wanagombana.

Halafu kuna upande ambao picha haiuonyeshi. Finland wanaweka kumbukumbu za kila mtu, na 2020 walichapisha za wagonjwa 62,250 kwa muda unaofika miaka 20. Kwenye vipindi vya kutotumia dawa vifo vilikuwa asilimia 46 hivi, kwenye vipindi vya kutumia 26. Kuna sababu nyingi nyuma ya namba hizo, si dawa tu. Ila mtu akikutisha kwa ubongo kupungua asilimia kadhaa, muulize na hiyo.

Unachoweza kumwomba daktari wa braza wako ni hiki: dozi ndogo kabisa inayomshikilia. Miaka tisa dozi ile ile bila mtu kuuliza, hilo ni la kuuliza. Kusimamisha kimya kimya nyumbani, hapana. Nimewapokea wodini wengi walioanzia hapo.

kokoto la mtoni

Asante. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dozi inaulizika.

Mzee wa Sumaku

Dokta umemaliza kwenye dawa, sasa mniachie eneo langu, maana hapa hata maprofesa wanapigwa chenga.

MRI haipigi picha kama simu. Mwili una maji, maji yana haidrojeni, sumaku inazipanga, tunazisukuma kwa mawimbi ya redio, zikirudi zinatoa sauti yao nasi tunairekodi. Picha moja nzuri ya kupimia gamba la ubongo inachukua dakika tano, sita. Muda wote huo kichwa kikisogea milimita moja, mistari inatapakaa. Gamba lina unene wa milimita 2 hadi 4, na upungufu tunaousoma kwenye hizi tafiti ni kipande kidogo cha milimita moja. Sasa fikiria nani anasogea zaidi: mwanafunzi wa udaktari aliyejitolea kwa nauli na soda, au mtu anayesikia mashine inamtaja jina?

Na wameonyesha hili. 2015 Reuter na wenzake waliwaambia watu wasioumwa chochote watingishe kichwa makusudi ndani ya mashine. Programu ikasoma gamba lao jembamba kuliko lilivyo. Mtu yule yule, siku ile ile.

Sisemi tofauti zote ni mtikisiko. Mapango ya maji hayadanganywi kirahisi hivyo, na wale mapacha hawakubebwa na mtikisiko. Nasema tu, ukiona makala imeandika gamba limepungua, nenda kwanza kasome walifanya nini na waliotingishika. Kama hawakusema, mimi nafunga ukurasa.

Wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Wenzangu, hizi namba zote ni za ng'ambo. Huku kwetu ndugu?

Daktari Asiye na Koti

Upande wa picha mashine ni chache na foleni yake ni ya ajali na viharusi, nani ataiachia saa nzima ya utafiti. Upande wa vinasaba hali ni nzuri. Kuna NeuroGAP-Psychosis, mradi wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wamekusanya mate ya maelfu ya watu. Kwenu huko wako Kilifi na Eldoret.

Na vinasaba vimerudi kugusa picha kwa mlango wa nyuma. 2016 huko Boston walikuta kwamba aina fulani za jeni ya kinga iitwayo C4 zinaongeza uwezekano wa skizofrenia, na kwenye panya jeni hiyo inahusika na kupogoa maungio ya seli za ubongo. Ubongo wa kijana wa kawaida unapogoa, kama unavyopogoa mkahawa uzae vizuri. Dhana ni kwamba hapa panga linapita kiasi, gamba linabaki jembamba. Inaendana na umri ugonjwa unapoanza, kuanzia balehe hadi miaka ya ishirini. Ni dhana, msikimbie nayo.

Pweza wa Nungwi

Na bangi je? Maana mtaani kwetu kila kichaa ni bangi.

Daktari Asiye na Koti

Inaongeza hatari, hasa ukianza mdogo na ukivuta kila siku. Wengi wanavuta hawaumwi, na wengi wanaumwa hawajawahi kuvuta. Ukitaka zaidi fungua uzi wake, huu tutauharibu.

Bint Kilosa

Kaka Mzee wa Sumaku, nimempigia picha ile filamu ya mdogo wangu, nimeiegemeza dirishani. Naiweka hapa uone yale mapango kama yamepanuka.

[picha imeambatishwa]

Mzee wa Sumaku

Dada futa hiyo picha sasa hivi. Jina lake kamili linasomeka pale juu kushoto, na tarehe ya kuzaliwa.

Bint Kilosa

Nimefuta. Samahani. Sikuliona kabisa, nilikuwa naangalia ubongo tu.

Mzee wa Sumaku

Usijali, ilikaa dakika mbili. Na nilichokiona kwa jicho la haraka ni picha nzuri, haina mikwaruzo. Alitulia vizuri.

Bint Kilosa

Nilikuwa nimemshika mguu. Yule bwana wa kule aliniruhusu niingie, nikavuliwa hereni na vibanio vya nywele vyote. Sasa baba kakaa hapa pembeni, nimemsomea pale kwenye kipanda uso na pale kwenye sindano ya kila mwezi. Anauliza hiyo kliniki ya sindano ni siku gani.